Udongo wa Misri

Emile hakuwa mtu mbaya. Hilo nalisema mapema kabla hamjaanza kumtukana, maana najua mtamtukana. Alikuwa karani pale Kasongo, katika ofisi ya Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji. Alikuwa na suruali iliyopigwa pasi kila siku, baiskeli yenye kengele, na mwandiko ambao mapadri wa misheni waliusifu mbele za watu. Lakini juu ya hayo yote alikuwa na Bwana Mkubwa, na karani mwenye Bwana Mkubwa, huo moyo wake mzuri atautumia lini? Labda Jumapili, akitoka misa.

Bwana Mkubwa huyo alifika Kasongo vita vya Hitleri vilipokwisha. Waliomtangulia walikuwa na wazimu wa pamba, wengine wa barabara. Wazimu wa huyu ulikuwa barua. Alitaka barua za askari weusi, wale vijana waliochukuliwa wakaenda kupigana Abisinia, wakaenda kukaa Nizeria, wakaenda mpaka Misri. Huko Ulaya yalikuwa yanaandaliwa maonyesho makubwa, na Bwana Mkubwa alitaka barua zipangwe nyuma ya vioo, ili wazungu wenzake wapite, watazame, waseme lo, watoto wa Kongo walitupenda hata wakatufia. Kila barua iandikwe pembeni jina la askari, nchi aliyofia, na mahali alipozikwa.

"Nenda Kabambare," akamwambia Emile. "Nataka barua. Usiniletee maneno. Ukiniletea maneno, nitakutuma porini ukapime pamba, utakaa huko na karani mwingine atakaa kwenye kiti hiki."

Basi Emile akaifunga mikoba miwili kwenye baiskeli, akaondoka. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Akapita kijiji kwa kijiji, anapiga kengele, anasalimia kwa heshima zote, anaeleza shida yake. Na watu wakamkaribisha vizuri, wakampa maji, wakampa kiti. Barua? Aa, karani, barua ziliungua. Mama mwingine akasema za kwake zililiwa na panya. Baba mmoja akasema mbuzi alizila zote siku ya mvua, na jirani yake akasema hata za kwake mbuzi huyohuyo. Nchi nzima ya Kabambare, kumbe mbuzi wote wamesoma!

Emile alijua wanamdanganya, na wao walijua kwamba anajua. Angewalaumu vipi? Bula Matari hakuwahi kuchukua kitu kwa mtu akakirudisha. Alichukua pamba, alichukua kodi, alichukua vijana wenyewe. Sasa vijana wamekufa, anataka na maneno yao. Kila jioni Emile alifungua mkoba akatazama barua chache zilizokuwamo, za familia zilizoogopa kofia ya serikali, akazihesabu tena. Alijiona tayari yuko porini anapima pamba.

Ndivyo alivyofika Lusangi, nyumbani kwa mama Safi.

Mama Safi alikuwa amekaa chini kwenye mkeka mbele ya nyumba. Nywele zake zilikuwa zimeota ovyo bila kusukwa, kitambaa chake kilikuwa cheusi kilichopauka, na kila aliyemwona alijua yuko kwenye kilio. Lakini kilio gani hiki? Mwanawe Heri alikuwa amekufa Misri wakati vita bado vinaendelea. Vita vimekwisha, watu wamerudi, wengine wameoa, na mama yule bado alikuwa analala chini, hali chakula kwenye sahani moja na wenzake, haendi kwenye sherehe ya mtu. Ndani ya nyumba alikuwamo Julienne, mke wa Heri, binti wa Kikristo aliyeolewa katika nyumba ile ya Waislamu. Naye alikuwa amefungwa vilevile. Kilio hakijaondolewa, basi hawezi kurudi kwao, hawezi kuolewa, hawezi hata kuvaa kitenge chenye maua. Ujana wake ulikuwa unaishia pale kwenye kinu.

Emile akatoa salamu, akaanza maneno yake yaleyale. Jina la askari? Heri. Alifia nchi gani? Misri. Alizikwa wapi?

Mama Safi akanyanyua kichwa.

"Unaniuliza alizikwa wapi?"

"Ndiyo, mama. Bwana Mukubwa anataka kujua."

"Yo! Yo, Mungu wangu!" Mama akapiga mikono. "Julienne, kuja! Ita baba yako mudogo Bulaimu! Wamekuja kuuliza kaburi!"

Emile akabaki ameshika kalamu. Mbio mbio akaja Bulaimu, mdogo wa baba yake Heri, mzee mwenye kanzu iliyoshonwashonwa, mtu mpole anayesema taratibu. Akaketi, akamshika Emile mkono kwa mikono yake miwili, na akamweleza jambo ambalo Emile, mtoto wa misheni ya Kasongo, hakulijua kabisa. Kwao marehemu husomewa misa, mambo yakaisha.

Katika ukoo wa Bulaimu, na koo nyingi za Kabambare, mtu akifia mbali, kilio chake hakiondolewi mpaka uletwe udongo wa kaburi lake, ukazikwe nyuma ya nyumba ya mama yake. Na udongo huo hauchukuliwi na mkono mtupu. Anayekwenda kuuchukua lazima abebe kitu cha marehemu mwenyewe, shati, au jembe, au mkeka aliolalia, akionyeshe pale kaburini, ili marehemu ajue hawa wametoka nyumbani, akubali kurudi. Heri alipokwenda vitani hakuacha kitu. Nguo zake alizivaa, jembe lilikuwa la baba yake. Kilichokuwa chake ni barua tu.

"Tulimwambia kapita wa kijiji, akasema Misri iko mbali," Bulaimu akasema. "Tulimwambia padri, tulimwambia mwalimu wa musikiti. Wote wakasema haiwezekani. Sasa Bula Matari mwenyewe ametuma karani anataka barua na anauliza kaburi. Mbele ya Mungu, karani, miye nilikuwa nimeanza kuwachukia wazungu. Wanisamehe."

Sasa hapo ndipo Emile alipaswa kusema. Mimi pia naona hivyo, na yeye aliona hivyo. Maneno yenyewe hata hayakuwa mengi: baba, hapana, barua zinakwenda kuwekwa kwenye vioo watu wazitazame. Aliyatengeneza kichwani vizuri kabisa. Lakini mama Safi alikuwa amekwisha ingia ndani, na alipotoka alikuwa na chungu kidogo kilichofunikwa kwa jani la mgomba, na ndani ya chungu barua zimekunjwa, kila moja ndani ya kitambaa chake safi.

"Nisomee kwanza," akasema. "Zinakwenda safari."

Emile akasoma. Zilikuwa zimeandikwa kwa Kiswahili na rafiki yake Heri aliyejua kalamu, kwa penseli iliyoanza kufutika. Mama yangu mpenzi, mimi ni mzima, sijui hali zenu. Huku hakuna mti. Kuna mchanga tu, unaingia hata ndani ya wali. Tumeona ngamia, mama, mnyama mwenye midomo kama ya mjomba Asumani anapokasirika. Mwambie Julienne asiuze ile mbuzi jike. Kumbe mama Safi alizijua zote kwa moyo. Emile akifika katikati ya sentensi, mama amekwisha imaliza, na kwenye midomo ya mjomba Asumani akacheka peke yake, kicheko kidogo, kisha akafuta macho.

"Utatuletea udongo?" akamwuliza.

Emile akamtazama. Akaona nywele zile, akaona mkeka ule. Nyuma yake akamwona Julienne amesimama mlangoni na mchi mkononi. Na upande mwingine, kusema kweli, akaiona mikoba yake iliyo karibu mitupu na ule mzani wa pamba.

"Ndiyo, mama," akasema.

Wakamchinjia kuku. Alipotaka kumwachia mama walau barua moja, ile ya ngamia, kwa kuwa moyo ulikuwa umeanza kumsuta, mama akakataa katakata.

"Peleka zote. Ukiacha moja, wanaweza kukosea kaburi, wakaniletea mutoto wa mutu mwingine."

Njia nzima ya kurudi Kasongo kuku yule alikuwa amemkaa Emile kifuani. Akajipa moyo. Bwana Mkubwa ni mkubwa, alijiambia, ana simu, ana posta, anaweza kuandika kwa mkubwa mwenzake huko Misri: chota udongo kidogo, tia ndani ya bahasha. Kitu gani hicho kwa watu walioleta magari na ndege? Alipofika akamkabidhi barua, akamwona Bwana Mkubwa anazigeuzageuza kwa vidole viwili, amefurahi, na akaona hapa ndipo pa kusema. Akasimama wima, akaeleza habari yote, ya kilio na ya udongo na ya yule binti aliyefungwa.

Bwana Mkubwa akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomwuma Emile zaidi.

"Mwambie huyo mama atulie. Makaburi yetu kule ni safi sana. Yana msalaba mweupe."

"Huyu alikuwa Mwislamu, Bwana."

"Basi msalaba hautamdhuru."

Emile akauliza kama basi barua za Lusangi zingeweza kurudishwa, hata moja tu. Bwana Mkubwa akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeomba arudishiwe mvua ya jana. Barua zitaondoka na posta ya kesho asubuhi, akasema, zitapanda gari-moshi, zitapanda meli, na mwandishi mmoja wa Ulaya anazingoja. Tena hazitoshi. Mkoba mmoja haukujaa! Kabambare kulitoka askari wengi, barua zao ziko wapi?

"Rudi," akasema. "Pita vijiji vilevile. Safari hii ujaze."

Kesho yake barua za Heri zikaondoka, na Emile aliziona kwa macho yake zikitiwa ndani ya gunia la posta, juu yake ukapigwa muhuri. Alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi mikono nyuma, suruali imenyooka. Angeweza kufanya nini? Niambieni ninyi. Angelinyakua gunia akimbie nalo? Angekimbilia wapi? Akakaa majuma kadhaa halali vizuri, anakula kwa sababu mkewe anamtazama, mpaka Bwana Mkubwa alipomwuliza kwa nini bado yuko mjini.

Akaondoka tena. Njiani akaapa atasema kweli. Aliapa kwa Bikira Maria na kwa kaburi la baba yake, na alikuwa na nia kabisa. Akafika mto Luama, mtumbwi ulikuwa ng'ambo, akakaa kwenye mchanga kuungoja. Mchanga wa pale kiangazi ni mweupe, mkavu, unapita vidoleni kama unga. Emile alikuwa na mkebe wa tumbaku mtupu mfukoni. Akauchezea. Akaufungua. Akachota mchanga kidogo, akaumwaga. Akachota tena, na safari ile akafunga kifuniko. Si kwamba nitautumia, alijiambia. Ni basi tu. Mwenye mtumbwi akafika, akamwuliza karani mbona jasho linakutoka na jua halijapanda, akajibu ana homa.

Alikuwa amepanga aingie Lusangi kimya, amtafute Bulaimu, amweleze wakiwa wawili tu. Mzee mpole yule angeelewa. Lakini dereva wa lori ya pamba alikuwa amempita njiani, na habari ilikuwa imefika kabla yake: karani wa barua anarudi. Jamani! Ile kona ya mwisho tu, akawaona watu wamejaa uwanjani. Ndugu wa Heri walikuwa wamekuja hata kutoka Salamabila, mbali kule. Wazee wa msikiti walikuwapo na vyungu vya wali vilikuwa jikoni. Kaka zake Julienne walikuwa wamefika kumchukua dada yao, wameketi upande wao na kofia zao magotini. Na nyuma ya nyumba, shimo lilikuwa limekwisha chimbwa, dogo, la urefu wa mkono, kingo zake zimesawazishwa kwa uangalifu.

Emile akamvuta Bulaimu kando.

"Baba, kuko neno."

"Neno gani, mwanangu?" Uso wa mzee ukabadilika. "Umekosa udongo?"

Emile akafungua kinywa. Naapa alikuwa anataka kusema ndiyo, nimekosa. Lakini mama Safi alikuwa amekwisha mwona, akaja, hakukimbia, alikuja polepole kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Akapiga magoti mbele yake, mtu wa umri wa mama yake mzazi, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu. Watu wote wakasogea, hata watoto.

Mkono wa Emile ukaingia mfukoni, ukatoka na mkebe.

Mama Safi akaufungua. Akautazama mchanga ule kwa muda mrefu, akaugusa kwa kidole kimoja, na Emile akaomba kwa moyo wote mtu mmoja tu aseme hapana, aseme huu ni mchanga wa Luama, sisi tunaoga pale. Angekubali kupigwa. Angekubali kufukuzwa na mawe. Hakuna aliyesema. Walikuwa wanatamani sana uwe ndio, wote, hata mwenye mtumbwi angekuwapo angetamani.

"Heri alisema kweli," mama akasema. "Muchanga tu. Yo, mwanangu! Mahali hapa hata muhogo hauwezi kuota, na weye umelala humu miaka yote hii!"

Ndipo kilio kikalipuka. Kile ambacho hawakukilia sawasawa tangu habari ilipofika, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kukililia, walikilia siku ile. Bulaimu alilia kama mtoto. Mchanga ukatiwa ndani ya kitambaa cheupe, ukafungwa, ukateremshwa shimoni, wazee wakasoma, udongo mwekundu wa Lusangi ukafunika mchanga mweupe wa Luama. Emile alisimama mstari wa mbele. Walimtaka mstari wa mbele. Kila aliyetoka kaburini alikuja kumshika mkono, naye alitoa mkono, akajibu poleni, asanteni, poleni.

Wakamchukua mama Safi kijitoni, wakamwosha, wakamnyoa. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, kichwa kidogo kinang'aa, kitenge kipya. Akala wali sahani moja na wanawake wenzake. Julienne akaja kuaga, amebeba kikapu chake, anataka kucheka anaogopa. Akamwambia Emile, "Mungu akulipe, yaya," kama anavyowaita kaka zake wakubwa, akaondoka nao, na Emile akatazama mgongo wake mpaka barabara ilipopinda. Alifikiri, basi yamekwisha. Nimefanya vibaya lakini yamekwisha, na huyu binti yuko huru.

Masikini! Hakujua watu.

Asubuhi alipofungua mlango wa nyumba aliyolazwa, aliwakuta wamama wameketi nje, wamejaa, wengine wametembea tangu alfajiri. Kila mmoja alikuwa na kitu mkononi, kibuyu au kitambaa, au kijisanduku cha mbao. Barua! Zile zilizoungua, zile zilizoliwa na panya. Akamwona hata mke wa yule mwenye mbuzi. Na mbele yao wote, kwenye kigoda, amekaa mama Safi na kichwa chake kilichonyolewa, amejawa fahari kama mama arusi.

"Nimewaambia," akasema. "Nimewaambia huyu karani iko mutu wa kweli. Hawakuniamini, nikawaonyesha kaburi."

Wakaanza kumletea. Wangu alifia Saio, Abisinia, kule milimani. Wangu alizikwa Nizeria, sijui mji gani, soma utaona. Wangu alikufa kwa kuhara, hakupigwa risasi, iko neno? Wazungu wanapokea barua yake vilevile? Peleka zote, karani. Usiache hata moja, wasikosee kaburi.

"Mama zangu," Emile akasema, "ngojeni. Nisikilizeni. Haiwezekani. Ule udongo…"

Akanyamaza, maana mama Safi alikuwa anamtazama. Hakumtazama kwa shaka, mngesema afadhali. Alimtazama kwa upendo, kama mtu anavyomtazama mwanawe anayeanza kuchoka na kazi nyingi, na mkono wake ulikuwa unapapasa kichwa chake kipya. Emile akaona yote mara moja. Akisema sasa, Heri anafukuliwa. Mama huyu anarudi chini kwenye mkeka, na safari hii hana hata barua. Wanatumwa watu mbio kumrudisha Julienne njiani. Kweli aliyokuwa nayo mdomoni haikuwa na mtu hata mmoja pale ambaye ingemsaidia, isipokuwa yeye mwenyewe.

"Ule udongo ulikuwa mbali," akasema. "Itachukua muda."

"Tutangoja," wakasema. "Tumezoea."

Akapokea. Akaandika majina pembeni kama alivyoagizwa, jina la askari, nchi aliyofia, mahali alipozikwa. Mkoba wa kwanza ukajaa, ukajaa na wa pili, nyingine akazitia ndani ya shati. Bwana Mkubwa angempa mkono. Angempa labda na kiti kikubwa zaidi. Kila barua aliyoipokea Emile aliona shimo dogo limechimbwa nyuma ya nyumba fulani, kingo zake zimesawazishwa, linangoja.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja mwembamba wa Kabambare, jina lake Régina, Mkristo, rozari shingoni. Alikuwa amekaa nyuma kabisa akiwaacha wenzake watangulie, na alipofika mbele hakuwa na barua nyingi. Alikuwa na moja tu, na chupa tupu iliyooshwa vizuri, imezibwa kwa gunzi.

"Wangu ni Gaston," akasema kwa sauti ya chini, kama anayeona haya. "Barua hii hakuandika yeye, aliandika rafiki yake. Soma."

Emile akasoma. Rafiki aliandika kwamba Gaston alishikwa na homa ndani ya meli, wakati wanakwenda Nizeria, akafa kabla hawajaona nchi. Kwamba wazungu walimfunga ndani ya blanketi, wakapiga saluti, wakamteremsha majini. Kwamba bahari ilikuwa imetulia, mama asihuzunike.

"Wenzangu wananicheka," Régina akasema. "Wanasema weye hauna kaburi, huwezi kuleta udongo. Miye sitaki udongo. Niletee maji. Kidogo tu, ndani ya chupa hii. Padri atayabariki, tutayamwaga pale nyumbani, na miye nitalala kitandani kama mama Safi."

Emile alisema bahari ni kubwa, mama. Alisema maji yote ya bahari ni mamoja, hakuna wa kujua ni yapi.

"Nitajua," Régina akasema, akamtia chupa mkononi, akaufumba mkono wake juu yake. "Nasikia maji ya bahari iko na chumvi. Nitaonja."

Siku ya pili yake Emile alifika Kabambare mjini, akaegemeza baiskeli kwenye duka la Atumani, mfanyabiashara aliyemfahamu tangu zamani. Mikoba ilikuwa imejaa hata haifungiki. Atumani akamsifu, akamwambia karani, wanasema umewafanyia watu jambo kubwa kule Lusangi, kila anayepita hapa anakutaja. Emile akauliza kama kuna chumvi.

"Ya kusaga au ya mawe?"

"Ile ukiitia kwenye maji inaonekana?"

"Hapana, inayeyuka yote," Atumani akasema. "Unataka kupika nini?"

"Nipimie tu," Emile akasema.